Alicia Alonso, mcheza baleti wa Havana na New York

Alicia Alonso alizaliwa Havana, mji mkuu wa Cuba, tarehe 21 Desemba 1920, na akafia huko huko tarehe 17 Oktoba 2019 akiwa na miaka 98. Alicheza baleti jukwaani kwa zaidi ya miaka 60, na tangu alipofika umri wa miaka 20 macho yake yalikuwa mabovu. Sifa yake ilianzia New York, Marekani. Shule aliyoiacha iko Havana. Nchi hizo mbili zilipokuja kugombana, yeye alikuwa tayari na mguu mmoja huku na mmoja kule, na ugomvi wao ukamfungia milango ya Marekani kwa miaka 15, muda ambao kwa wacheza baleti wengi ni urefu wa kazi nzima.

Redio za Afrika Mashariki huitaja Cuba kwa habari nyingine: madaktari wake, mabondia wake, na muziki wake, ambao santuri zake zilivuka bahari hadi Léopoldville, Kinshasa ya leo, na kuilisha rumba ya Kongo. Baleti haitajwi sana. Hata hivyo kisiwa hicho chenye uchumi dhaifu kimekuwa kikitoa wacheza baleti wanaogombewa na majumba makubwa ya Ulaya na Amerika, na jambo hilo lina wenyewe walioliasisi. Nao ni watu watatu: Alicia, mume wake wa kwanza Fernando Alonso, na shemeji yake Alberto Alonso.

Kwa asiyeijua, baleti ni densi ya jukwaani iliyozaliwa katika majumba ya watawala wa Italia na Ufaransa, kisha ikakomazwa Urusi katika karne ya 19. Husimulia kisa bila kutamka neno. Wanawake husimama juu ya ncha za vidole vya miguu, wakisaidiwa na viatu vyenye ncha ngumu, na wanaume huruka na kuwanyanyua. Mwili wa mtu mzima haukubali tena kupindwa namna hiyo, kwa hiyo mafunzo huanza utotoni na hufanywa karibu kila siku ya maisha. Wengi hustaafu kabla ya kufika miaka 40, magoti na vifundo vimechoka. Alicia Alonso alicheza hadi miaka ya sabini na kitu, jambo ambalo wapenzi wake walilitaja kwa fahari na wengine kwa masikitiko.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Alicia Martínez del Hoyo. Baba yake alikuwa afisa wa jeshi, mama yake mwanamke wa nyumbani, na familia iliishi vizuri. Alipokuwa mdogo walikaa kwa muda Hispania, na huko akajifunza ngoma za Kihispania. Mwaka 1931, Havana, aliingia darasa la baleti la Pro-Arte Musical, jumuiya ya sanaa iliyoendeshwa na mabibi wa tabaka la juu. Mwalimu alikuwa Mrusi mhamiaji, Nikolai Yavorsky. Mwishoni mwa mwaka huo huo akapanda jukwaani kwa mara ya kwanza.

Darasa hilo halikukusudiwa kutoa wacheza baleti wa kulipwa. Lilikusudiwa kuwapa mabinti wa watu wenye uwezo mwendo mzuri na mgongo ulionyooka kabla ya kuolewa. Binti wa familia ya heshima kupanda jukwaani kwa mshahara ilikuwa aibu, na kwa mvulana ilikuwa aibu mara mbili. Ndiyo maana ndugu wawili, Fernando na Alberto Alonso, walihitaji ujasiri kujiunga na darasa hilo, ingawa mama yao, Laura Rayneri, ndiye aliyekuja kuwa mwenyekiti wa jumuiya yenyewe. Alberto alichukuliwa na kundi la Kirusi lililokuwa likizunguka Ulaya. Fernando na Alicia wakapendana.

Mwaka 1937 wote wawili walikwenda New York. Cuba haikuwa na kundi hata moja la baleti ya kulipwa, na aliyetaka kuishi kwa kazi hiyo hakuwa na la kufanya ila kuondoka. Walifunga ndoa Alicia akiwa bado hajatimiza miaka 17, na mwaka uliofuata akajifungua mtoto wao wa pekee, Laura. Mama huyo mchanga alirudi darasani mara moja. Alisoma kwa Enrico Zanfretta, Mwitaliano wa mtindo wa kale aliyesisitiza wepesi wa nyayo, kwa Mrusi Alexandra Fedorova, na katika shule iliyoanzishwa na mtunzi wa baleti George Balanchine. Mkate waliutafuta Broadway, katika michezo ya kuchekesha yenye nyimbo na densi: "Great Lady" mwaka 1938 na "Stars in Your Eyes" mwaka 1939. Kutoka hapo alipita kundi la Ballet Caravan, na mwaka 1940 akaingia Ballet Theatre, kundi jipya wakati huo, ambalo leo linajulikana kama American Ballet Theatre.

Mwaka 1941 alianza kujigonga kwenye vitu. Madaktari waligundua kwamba retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ulikuwa umebanduka. Alifanyiwa upasuaji New York, akaonekana kupona, akarudi mazoezini, na utando ukabanduka tena. Baada ya upasuaji wa tatu, uliofanyika Havana, alilazwa kitandani kwa takriban mwaka mzima, macho yamefungwa bendeji na kichwa hakiruhusiwi kugeuka. Alikatazwa kulia, kucheka, kutafuna chakula kigumu na kucheza na binti yake. Uwezo wa kuona kwa pembeni ulikuwa umekwenda, na madaktari walimwambia hatacheza tena.

Kilichotokea kitandani humo ndicho kilichomfanya awe Alicia Alonso. Fernando aliketi kando yake kila siku na kumfundisha majukumu makubwa ya baleti kwa vidole. Vidole viwili vya mkono vilikuwa miguu, shuka ilikuwa jukwaa. Alicia alifuata kwa kugusa, akairudia hatua ile ile akilini, akipima muziki kichwani na kukadiria umbali kutoka kona hadi kona. Jukumu lililomkaa zaidi lilikuwa la Giselle.

"Giselle" ni baleti iliyoonyeshwa kwanza Paris mwaka 1841, kwa muziki wa Adolphe Adam. Msichana wa kijijini anampenda kijana bila kujua kwamba ni bwana mkubwa aliyejificha katika nguo za kimaskini, na ambaye tayari ana mchumba wa hadhi yake. Ukweli unapofichuka msichana anapagawa na kufa. Katika sehemu ya pili anatokea msituni kama mzuka, miongoni mwa mizuka ya wasichana waliokufa kabla ya harusi, ambao kila usiku humlazimisha mwanamume anayepita acheze hadi afe. Giselle anamwokoa yule aliyemdanganya. Kwa mchezaji ni mtihani wa pande mbili: sehemu ya kwanza inataka binti wa damu na nyama, ya pili inataka kiumbe kisicho na uzito. Wengi hufaulu upande mmoja.

Tarehe 2 Novemba 1943, Alicia Markova, Mwingereza aliyekuwa nyota wa Ballet Theatre, aliugua. Onyesho la "Giselle" lilikuwa limekwisha kutangazwa katika jumba la Metropolitan Opera, New York. Alitafutwa wa kushika nafasi yake, na Mcuba aliyetoka kitandani si muda mrefu akakubali. Alicheza na Anton Dolin usiku ule, na tangu siku hiyo jukumu la Giselle likahesabiwa kuwa lake. Alilicheza kwa nusu karne.

Hapa msikilizaji anaweza kujiuliza: mtu asiyeona vizuri anachezaje juu ya ncha za vidole, mbele ya shimo la wapiga muziki? Ufundi wake ulikuwa wa namna kadhaa. Mafundi waliweka taa kali za rangi tofauti mbele ya jukwaa, naye akazitumia kama alama, akijua kwamba akiipita taa fulani amekaribia ukingo. Waya mwembamba ulifungwa kandokando ya ukingo huo kuwa kinga ya mwisho. Wanaume waliocheza naye walijifunza kusimama pale pale alipowatarajia, bila kukosea hata hatua moja, na kumwelekeza kwa mnong'ono. Wachezaji wa nyuma nao hawakuwa na ruhusa ya kubuni. Watazamaji wengi hawakujua lolote. Waliona tu mchezaji aliyekuwa akimtegemea mwenziwe kwa ukaribu usio wa kawaida, na wakadhani ni mapenzi ya kisa chenyewe.

Ukaribu huo haukuishia kwake. Baadaye, alipoanza kufundisha, aliwataka wachezaji wa Cuba wanaocheza wawili wawili watazamane na kuzungumza kwa mwili, wakati shule nyingine zilikuwa zinawaelekeza wawatazame watu ukumbini. Wahakiki huitaja sifa hiyo kuwa moja ya alama za baleti ya Kicuba, na si vibaya kukumbuka kwamba ilianza kama hitaji la mtu asiyeona vizuri.

Miaka iliyofuata vita vya pili vya dunia ilikuwa kilele chake Marekani. Mwenziwe mkuu alikuwa Igor Youskevitch, mchezaji mwenye asili ya Dola ya Urusi, na wawili hao walikuwa jozi iliyojaza kumbi. Mwaka 1947 Balanchine aliwatungia "Theme and Variations", kwa muziki wa Tchaikovsky. Kazi hiyo haina kisa chochote, ni densi tupu, nayo huogopwa hadi leo kwa kasi na wingi wa hatua ndogo ndogo. Mwaka 1948 mtunzi wa baleti Agnes de Mille alitunga "Fall River Legend", kisa cha mwanamke aliyeshitakiwa kwa kuwaua baba yake na mama yake wa kambo kwa shoka. Aliyekusudiwa kukifungua, Nora Kaye, aliugua, na Alonso akaingia tena mahali pa mgonjwa.

Mwaka huo huo Ballet Theatre liliishiwa fedha na kusimamisha maonyesho. Wachezaji wengi wakabaki bila kazi. Alicia na Fernando wakaona nafasi: waliwachukua wenzao kadhaa hadi Havana, wakawaunganisha na Wacuba waliokuwapo, na tarehe 28 Oktoba 1948 kundi lililoitwa Ballet Alicia Alonso likafanya onyesho lake la kwanza. Kusema kweli kundi hilo la Cuba lilikuwa na Wamarekani wengi kuliko ilivyokubaliwa kutajwa baadaye. Mwaka 1950 wakafungua chuo, kwa sababu kundi lisilo na chuo hutegemea watu wa kuazima.

Fedha zilikuwa shida isiyokwisha. Alicia alicheza Marekani ili kulipia kundi la Cuba, akienda na kurudi. Serikali ya mtawala wa Cuba, Fulgencio Batista, ilitoa ruzuku ndogo, na mwaka 1956 ikaikata. Inaelezwa kwamba alipewa ahadi ya posho yake binafsi ya kila mwezi iwapo angenyamaza. Alikataa hadharani. Chama cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Havana kilimuunga mkono kwa onyesho la kumuenzi lililofanyika katika uwanja wa michezo wa chuo, na baada ya hapo akaacha kucheza Cuba maadamu Batista yuko madarakani. Alifanya kazi Marekani, na katika majira ya baridi ya 1957 na 1958 akaalikwa Muungano wa Kisovieti, akiwa miongoni mwa wachezaji wa kwanza kutoka bara la Amerika kucheza Moscow na Leningrad. Marekani na Wasovieti wakati huo walikuwa wakitazamana kwa jicho la uadui. Mwanamke wa Cuba aliyekuzwa New York akapita katikati yao.

Batista alikimbia tarehe 1 Januari 1959, mapinduzi yaliyoongozwa na Fidel Castro yalipomshinda. Alicia akarudi nyumbani. Kisa kinachosimuliwa sana, na ambacho Castro mwenyewe alikuwa akikirudia, ni kwamba kiongozi huyo alifika usiku nyumbani kwa Fernando, akaongea siasa kwa saa kadhaa, na alipokuwa akiondoka akauliza kundi la baleti linahitaji kiasi gani. Akatajiwa dola 100,000. Akatoa 200,000. Iwe kila neno la kisa hicho ni sahihi au limepambwa, fedha zilipatikana kweli. Mwaka 1960 sheria ikalifanya kundi hilo, sasa likiitwa Ballet Nacional de Cuba, kuwa taasisi ya taifa.

Kutoka hapo inaanza sehemu ya maisha yake ambayo thamani yake ni kubwa kuliko ile ya jukwaani. Serikali ya mapinduzi ilitaka sanaa iwafikie watu wote, na baleti, sanaa ya mabinti wa matajiri, ilikuwa rahisi kutupwa kama takataka za zamani. Haikutupwa. Kundi lilipelekwa viwandani, kambini kwa wanajeshi na mashambani, likicheza juu ya majukwaa ya mbao yaliyopigiliwa misumari siku hiyo hiyo. Maonyesho yakaingia kwenye televisheni. Tiketi za Havana zikauzwa kwa bei ambayo mfanyakazi wa kawaida aliweza kuilipa, na madereva wa teksi wa jiji hilo wakajulikana kwa kubishana juu ya nani anazunguka vizuri zaidi.

Upande wa mafunzo, Fernando ndiye aliyekuwa fundi. Alichukua wepesi wa nyayo wa Kiitaliano, mgongo na mikono ya Kirusi, usafi wa mistari wa Kiingereza, akavipima juu ya miili ya Wacuba na kuandika mtaala wa mwaka kwa mwaka. Walimu walizunguka mikoani kuwatafuta watoto, wakiangalia uwiano wa mwili, unyumbufu wa nyonga na nyayo, na sikio la muziki. Aliyechaguliwa alisoma bure, akala bure na kulala bure. Wavulana walikuwa wagumu kupatikana, kwani wazazi hawakutaka kusikia kwamba mtoto wao wa kiume anavaa soksi za kubana mbele za watu. Basi wengine walitafutwa katika nyumba za yatima, ambako hapakuwa na baba wa kukataa. Jorge Esquivel, aliyekuja kuwa mwenzi wa Alicia jukwaani kwa miaka mingi, alilelewa katika nyumba ya namna hiyo. Wavulana wa Cuba wanajulikana leo kwa kuruka juu na kuzunguka mara nyingi bila kuyumba, na msingi wake ni shule hiyo.

Kuna jengo moja linalostahili kutajwa pembeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 serikali iliamuru shule za sanaa zijengwe juu ya uwanja wa gofu wa matajiri waliokimbia, magharibi mwa Havana. Shule ya baleti ilibuniwa na Mwitaliano Vittorio Garatti: makuba ya matofali mekundu, njia zinazopinda kama mto. Inasemekana Alicia aliitembelea ikikaribia kukamilika, akaikataa. Haikutumika ipasavyo, ikabaki kumezwa na magugu. Wasanifu majengo wengi wanaihesabu kuwa miongoni mwa kazi nzuri kabisa za karne iliyopita katika kisiwa hicho. Neno moja la Alicia lilikuwa na uzito wa kiasi hicho.

Matunda ya shule yalionekana mapema. Katika mashindano ya kimataifa ya Varna, Bulgaria, yaliyoanza mwaka 1964, wasichana wa Cuba walirudi na medali, na wanne kati yao, Mirta Plá, Josefina Méndez, Loipa Araújo na Aurora Bosch, wakapewa jina la vito vinne na mhakiki Mwingereza Arnold Haskell. Mwaka 1967 Alberto Alonso alitunga "Carmen" kwa ajili ya Maya Plisetskaya, nyota wa kundi la Bolshoi, Moscow, na mwaka huo huo Alicia akaicheza Havana. Kuna wanaompendelea Plisetskaya na wanaompendelea Alonso, na filamu zipo za kila mmoja kuamua.

Lakini mapinduzi hayakuwafurahisha wote waliolelewa nayo. Mwaka 1966, kundi lilipokuwa Paris, wachezaji wanaume 10 walibaki Ufaransa wakaomba hifadhi. Ilikuwa miaka ambayo serikali ya Cuba iliwapeleka mashoga na wengine wasiopendwa katika kambi za kazi za lazima, na hofu hiyo ilikuwamo ndani ya kundi. Alicia hakuvunja uhusiano wake na serikali, wala hakuikosoa hadharani kwa jambo hilo. Utetezi wake kwa wasanii, kama ulikuwapo, ulipita kwenye simu na vyumba vya ndani.

Kwa upande wa Marekani, uhusiano wa kibalozi na Cuba ulivunjwa mwezi Januari 1961, na vikwazo kamili vya biashara vikafuata mwaka 1962. Alicia Alonso hakuweza tena kucheza New York. Watazamaji wake wa Kimarekani waliotaka kumwona walisafiri hadi Canada. Mwaka 1967 alipocheza Montreal, walivuka mpaka kwenda kumtazama. Wakati huo huo macho yalizidi kufifia. Mwaka 1972 alifanyiwa upasuaji Barcelona, Hispania, akapata nafuu kiasi, akarudi jukwaani.

Tarehe 28 Julai 1975, akiwa na miaka 54, alitokea tena New York katika sherehe ya American Ballet Theatre, kundi lake la zamani, akicheza na Jorge Esquivel sehemu ya "Swan Lake". Ukumbi ulisimama kabla hajachukua hatua ya kwanza. Mwaka 1978 akaja na kundi zima la Ballet Nacional de Cuba, Washington na New York, ziara yao ya kwanza nchini humo. Serikali mbili hazikuwa na mabalozi. Zilikuwa na wacheza baleti.

Ndoa na Fernando ilikuwa imevunjika katikati ya miaka hiyo ya 1970. Fernando alihamia Camagüey kuongoza kundi la mji huo, akakaa huko hadi miaka ya 1990. Alicia akaolewa na mhakiki wa densi Pedro Simón, akabaki na Havana yote mikononi mwake. Hapa ndipo sifa yake inapochanganyika na lawama. Aliendelea kucheza katika umri ambao hakuna mwili unaoweza kuudanganya. Mwaka 1993, miaka 50 tangu "Giselle" yake ya kwanza, alipanda tena jukwaani Havana kucheza sehemu ya baleti hiyo akiwa na miaka 72. Alistaafu kucheza mwaka 1995, lakini uongozi hakuuachia. Aliliendesha kundi akiwa hawaoni wachezaji anaowachagua, akisimuliwa na wasaidizi kinachotokea mbele yake. Orodha ya maonyesho ikadumaa katika zile zile za kale alizozijua, na vijana waliotaka kazi mpya wakaona hawana njia. Aliyeanzisha taasisi anapaswa kujua siku ya kuikabidhi; yeye hakutaka kuijua.

Swali la rangi nalo lilimfuata. Cuba ni nchi yenye wajukuu wengi wa Waafrika waliopelekwa utumwani katika mashamba ya miwa, lakini nyuso nyeusi zilikuwa chache katika safu za kundi la taifa, hasa upande wa wanawake. Mwanafunzi mashuhuri kuliko wote wa shule hiyo, hata hivyo, ni mweusi. Carlos Acosta alizaliwa Havana mwaka 1973, mtoto wa dereva wa lori katika familia ya watoto 11, na baba yake alimpeleka shule ya baleti ili asipotelee mitaani na apate chakula cha bure. Mwaka 1990 alishinda medali ya dhahabu Lausanne, Uswisi. Alicheza Houston, Marekani, kisha kuanzia 1998 akawa nyota wa Royal Ballet, London, na tangu 2020 anaongoza Birmingham Royal Ballet. Bila mtaala wa Fernando na jina la Alicia asingepata hata kiatu. Lakini kazi yake kubwa ilibidi aifanye nje.

Hali ilikuwa hivyo kwa wengi. Misaada ya Wasovieti ilipokatika mwanzoni mwa miaka ya 1990, Cuba ikaingia katika njaa na giza la kukosa umeme, na wacheza baleti wakaanza kuondoka, wengine kwa ruhusa, wengine kwa kutoroka katika ziara. Alberto Alonso mwenyewe, mmoja wa waasisi watatu, alihamia Florida mwaka 1993 na kufia huko mwaka 2007. José Manuel Carreño aliingia American Ballet Theatre mwaka 1995. Lorena Feijóo akawa nyota San Francisco, na dada yake Lorna akawa nyota Boston. Kundi ambalo Alicia aliingia mwaka 1940 akiwa Mcuba asiyejulikana likawa, miaka 55 baadaye, linawatafuta wanafunzi wake. Serikali ya Cuba iliwahesabu waliotoroka kuwa wasaliti, na majina yao hayakutajwa nyumbani. Ukitazama hesabu kwa utulivu, Marekani ilimfundisha msichana mmoja na ikalipwa kizazi kizima.

Heshima rasmi hazikumpungukia. UNESCO ilimfanya balozi wake wa hisani mwaka 2002. Mwaka 2015 jumba kuu la maonyesho la mji mkuu liliitwa Gran Teatro de La Habana Alicia Alonso. Tarehe 22 Machi 2016 Barack Obama, rais wa kwanza wa Marekani kuitembelea Cuba akiwa madarakani tangu 1928, alisimama katika jukwaa la jumba hilo akawahutubia Wacuba moja kwa moja kwa televisheni, akisema amekuja kuzika mabaki ya vita baridi. Maridhiano hayo hayakudumu. Utawala uliofuata Washington ulirudisha sehemu kubwa ya vizuizi.

Mwanzoni mwa 2019 mchezaji Viengsay Valdés aliwekwa kuwa msaidizi wa Alonso katika uongozi wa sanaa. Alonso alifariki mwezi Oktoba mwaka huo, na Januari 2020 Valdés akakabidhiwa Ballet Nacional de Cuba. Ni mtu wa kwanza kuiongoza baada ya mwanzilishi wake, ambaye alikuwa ameishika kwa karibu miaka 71.